Betri Iliyotokota kama Kasiksi

Mheshimiwa Chifu wetu. Padri Théophile, mkuu wa misheni. Masista wa nyumba ya uzazi. Papa na Mama wote mliopanda kutoka Ngungu, na ninyi wa Shasha mliokuja na samaki, Mungu awabariki kwanza!

Mimi Barthélemy, mwalimu wenu wa zamani, nina jambo nililolificha kwa miaka minane. Hata mke wangu, Mama Constance, halijui. Daktari alinikataza kupanda mlima huu, na kweli sikuupanda: nimebebwa kwa machela. Wabebaji wanasema maneno yangu ni mazito kuliko mwili, basi acheni niyapunguze kabla sijazikwa nayo.

Leo tunafungua chumba cha kuchaji betri za taa za akina mama wanaojifungua. Ni kazi njema! Lakini asubuhi hii Ndugu Floribert, msimamizi wa chumba, ametangaza kwamba betri zote zitachajiwa haraka, wakati mota inaposaga mihogo. Floribert mwanangu, hesabu nilikufundisha mimi. Nakuomba, zile za chuma usizikimbize.

Kwa nini? Mwaka wa 1949 mgodi mmoja wa Walikale ulitupatia betri mbili za kujaribu. Zote zilikuwa za nikeli. Moja ilichanganywa na chuma, nyingine na kadmiamu. Zote zilikuwa na ukubwa mmoja. Mazutu, mafuta ya mota, yalikuwa haba, na mota ilizimwa mara mihogo ilipokwisha kusagwa, kwa hiyo fundi Léopold alizipa zote mbili umeme mkali ule ule. Kijiji kizima kikaja kutazama. Nani hapa hakuwepo?

Ya kadmiamu ilikaa kimya. Ya chuma ikapata joto, ikatokota, ikatoa povu. Mama Nyiraneza, ambaye hakuna anayemshinda kwa kupika kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akapiga vigelegele.

“Mwalimu, hii njo batri! Sikiya vile inatokota. Ile ingine iko kimya kama bibi-arusi.”

“Mama, hii haiko kasiksi,” Léopold akasema.

“Na wewe Léopold, ulishapika kasiksi gani mutu akakunywa?”

Mlicheka hadi mota haikusikika. Léopold akaona haya, akaenda kutazama mota yake. Mama Nyiraneza akaleta majani ya migomba, akaifunika betri ya chuma ili ipate joto na kuiva vizuri, kama mtungi. Na mimi niliyekaa seminari miaka mingi? Nilimshikia majani! Baadaye nikayafunua, nikainama kuangalia povu, kama mzee anavyoangalia pombe ya harusi. Kisha nikakimbilia mtoni. Mlidhani naenda kucheka mbali na watoto wa shule.

Taa zilipowashwa, taa ya betri ya chuma ilizimika kwanza, na ile ya bibi-arusi ikaendelea kuwaka hadi Sista alipoizima mwenyewe. Povu lile halikuwa nguvu. Umeme mwingi ulikuwa unapasua maji kuwa hewa, badala ya kubaki ndani ya betri. Lakini tusiitukane ya chuma: ukiichaji taratibu inafanya kazi yake vizuri, ukiisahau inakusamehe, na pengine itatuzika sote. Haipendi tu kuharakishwa, wala kufunikwa. Maji yake ni makali, ndugu zangu, kama maji ya majivu ya kupikia sabuni, na ikikimbizwa huyatema.

Floribert, najua utaniambia kwamba ya zamani ni ya zamani, na wazazi wanangoja taa. Nami niliwaza hivyo. Nilinyamaza kwa sababu betri zingerudishwa Walikale, na akina mama wangeendelea kuzaa gizani. Nilinyamaza pia kwa ajili yako, Mama Nyiraneza. Usilie, dada, majani tuliyashika wawili. Lakini kesho vijana watainama juu ya betri zile, nami sitakuwepo kuwavuta nyuma.

Nawashukuru, Chifu na Padri, nanyi nyote mliomvumilia mgonjwa juani. Asanteni kwa masikio yenu. Neno langu la mwisho ndilo hili, na Mama Constance anisamehe kulisikia pamoja nanyi: siku ile mtoni nilikuwa nikinawa maji ya betri, na tangu siku ile jicho langu la kushoto halijaona kitu.