Mama Usibonyeze Anaondoka, Haya Tubonyeze

Baada ya miaka ishirini na minane ya kutunyima raha, Mama Usibonyeze wa kitengo cha kompyuta anastaafu rasmi Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Taasisi yetu ya utafiti imepokea habari hizi kwa majonzi mazito, hasa sisi ambao nywila zetu zilikuwa majina ya watoto wetu hadi yeye alipotuingilia.

Alianza kazi wakati tuna kompyuta mbili na virusi visivyohesabika. Programu zetu zote zilikuwa za bure, yaani za wizi, kwa kuwa bajeti ya ofisi ilitosha chai tu. Yeye akaona hilo ni tatizo. Makubwa haya!

Mchango wake mkuu ni mitego. Alikuwa akitutumia barua pepe za uongo: umepata tiketi ya kongamano ng'ambo, bonyeza hapa. Nasi, wasomi wenye shahada tatu tatu, tukabonyeza. Aliyenaswa aliitwa kwenye chumba chake nyuma ya stoo, akakalishwa kwenye kigoda kifupi, magoti karibu na kidevu, akatakiwa kusema kwa sauti ni nani angeumia kama mtego ungekuwa wa kweli. Wote tulijibu "mimi", tukaruhusiwa kwenda, tukamsengenya hadi saa ya kutoka.

Mteja wake wa kudumu alikuwa mtafiti wetu wa afya ya wafanyakazi, mzee mwenye hasira za karibu, ambaye kigoda kile kilikuwa kama mali yake. Siku moja alipata barua ya wafadhili ikimtaka afungue faili haraka. Akampigia Mama simu kwa kejeli: "Safari hii hunipati ng'o." Mama akamjibu, "Hiyo si yangu."

Ikabainika kuwa haikuwa ya wafadhili pia. Kwenye kompyuta ya mzee kulikuwa na sauti na majina ya wavunja mawe waliomweleza jinsi vumbi la machimbo linavyowamaliza, na barua ile ilitoka kwa mwenye machimbo, aliyekuwa akiwasaka waliofungua mdomo. Wangefukuzwa wote, kama si mabaya zaidi. Waliokolewa na ubishi wa mzee, ubishi ambao Mama aliulea mwenyewe kwa mitego yake. Tangu hapo hakuna aliyekaa kigodani akajibu "mimi".

Wiki iliyopita nikaona na mimi nijaribu. Nilituma barua pepe kwa wafanyakazi wote kutoka anwani ya ajabu niliyoitunga: karibu kwenye sherehe ya kumuaga Mama, bonyeza hapa kuthibitisha. Watafiti wote wakaipuuza. Mkurugenzi akaifuta na kutuonya sote tukae macho. Nilikaribia kulia kwa fahari, mpaka nikaona kuna mtu mmoja amebonyeza, tena mara mbili. Ni Mama mwenyewe.

Mama, hilo hatukusamehe. Kigoda kimeshahamishiwa ukumbini, na kabla ya kukata keki utakikalia mbele ya watu. Asante kwa kila ulipotukera. Nenda kapumzike, ufungue picha za wajukuu bila kuzikagua, na maisha yakuendee vizuri. Na pale kigodani ukiulizwa ni nani ataumia, usijisumbue kufikiri. Ni sisi.