Wilkista Wekoye na Picha ya Shambani

Ndugu waombolezaji, mimi ni Mukhwana, kaka yake marehemu, na familia imenituma nisome maisha yake bila kupaka mtu mafuta.

Wilkista alizaliwa tarehe 12 Machi 1967 hapa Kibabii, mtoto wa tatu wa Mzee Wekoye, akasoma hapa hapa shule ya msingi, akamaliza sekondari Bungoma, akapata cheti cha kilimo mwaka wa 1988, na Januari iliyofuata akaajiriwa na kampuni ya mbegu kule Kitale, ambako alichavusha mahindi kwa mkono kwa miaka ishirini. Kazi hiyo haina mchezo, kila hindi changa hufunikwa mfuko wa karatasi kabla nywele zake hazijatoka, na ukifika msimu wa kuchavusha, hata ukifiwa hupewi ruhusa.

Aliolewa na Bwana Wakoli tarehe 14 Desemba 1991, wakajaliwa Pauline na Wanjala. Agosti 2008, Wanjala alipotahiriwa, mama alinyimwa ruhusa, kijana akasimama uani na kisu kikapita bila mamake kuwepo, na jambo hilo lilimla Wilkista hadi mwezi uliofuata akapatikana na presha. Daktari alimwandikia mapumziko, lakini msimamizi wake, Bwana Kibiwott, alisema mahindi hayajui presha.

Tarehe 21 Julai 2009 kizunguzungu kilimwangusha katikati ya mistari, kichwa juu ya mifuko yake, na Kibiwott, badala ya kuita gari, alitoa simu, akampiga picha, akaiweka Facebook na maneno, "Mtaalamu akichavusha ndoto." Wafanyakazi wenzake wakacheka, mmoja akaandika, "Ati huyu mathe analipwa kulala, bana!" Katika waliocheka, hakuna aliyeuliza kama anapumua.

Agosti wakaja watafiti wa ustawi wa wafanyakazi, wakauliza kila mtu kama ana furaha kazini, Kibiwott akiwa amesimama pale pale mlangoni, na wote wakajibu kwamba wana furaha tele. Sayansi ikapata majibu yake, ikapanda gari, ikaenda.

Pauline ndiye aliyemwonyesha mamake picha hiyo, kwenye saiba, duka la intaneti la Bungoma mjini, na tangu siku hiyo Wilkista aliacha kwenda sokoni, na kanisani akawa anakaa nyuma kabisa. Alikuwa na ombi moja tu, picha ifutwe. Pauline alimwandikia Kibiwott, akajibiwa kwamba hizo ni jokes tu. Tarehe 3 Oktoba dada yetu alipatwa na kiharusi, akafia hospitalini picha ikiwa bado iko, na juzi Kibiwott ameiweka tena, ile ile, akiandika pole kwa familia. Pole gani hiyo?

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta kuni na maji, na katika wale wa kazini tunamshukuru Chelangat, aliyembeba mgongoni siku ile hadi barabarani. Ninyi wengine, karibuni chakula.

Ila jeneza halitafunguliwa. Tunajua desturi ni kumwona marehemu kwa mara ya mwisho, na akina mama mmetoka mbali kwa ajili hiyo, mtusamehe, simu hapa ni nyingi.

Pumzika kwa amani, Wilkista, hakuna atakayekutazama tena bila ruhusa yako.