Mama Mchemraba na Mtambo wa Kuvunjia Zege

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, fundi mkuu wa maabara za Idara ya Uhandisi wa Ujenzi na Mazingira anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake kamili liko kwenye orodha ya watumishi. Sisi wengine, kuanzia mlinzi wa getini hadi profesa, tunamwita Mama Mchemraba. Jina hilo limetokana na michemraba ya zege ambayo wanafunzi huitengeneza, huiloweka majini siku ishirini na nane, kisha huivunja kwa mtambo ili kujua nguvu yake. Kwa hesabu ya haraka haraka, michemraba iliyopita mikononi mwake ingetosha kuzungushia chuo ukuta, na masalio tukatengenezea mabenchi.

Alianza kama msaidizi, kazi yake kuchekecha mchanga na kufagia. Akajiendeleza kwa masomo ya jioni huku analea watoto watatu, akapata stashahada, na hatimaye akakabidhiwa funguo za maabara zote mbili, ya zege na ya maji. Mumewe, ambaye ni fundi cherehani, hulalamika kwa kujidai kwamba chai ya nyumbani kwake ina sukari ileile tangu siku ya harusi, punje haizidi wala haipungui.

Kwenye sampuli hana mzaha. Kuna mhadhiri mmoja, leo ni profesa, aliyewahi kuficha soda yake kwenye kasha la barafu lenye chupa za maji ya mto. Njiani kasha likafunguliwa mara nne, barafu ikayeyuka. Mama Mchemraba alimwaga sampuli zote, akaamuru gari ligeuzwe, na kundi zima likarudi mtoni kilomita arobaini. Soda yenyewe aliinywa yeye.

Ana utaratibu mmoja ambao hakuna kitabu kilichomfundisha. Kila Jumatatu, kabla mwanafunzi yeyote hajagusa mtambo, huvunja mchemraba wake mwenyewe, wenye mchanganyiko uleule na umri uleule. Jibu analijua tangu mwanzo. Anachopima ni mtambo, si zege. Tulikuwa tukimcheka.

Jumatatu moja, miaka kumi na tisa iliyopita, mchemraba wake ulionyesha nguvu kupita kawaida. Akavunja mingine miwili, jibu likawa lilelile. Sisi tukampongeza. Yeye alisema zege haliongezi nguvu kwa kupendwa, akachomoa waya wa umeme na kubandika karatasi ya kuzuia matumizi.

Siku hizo bweni jipya la wanafunzi lilikuwa linajengwa, na michemraba ya nguzo zake za chini ilikuwa imepimwa kwetu wiki iliyotangulia, ikafaulu. Mama Mchemraba alimwandikia mkuu wa kitivo kwamba majibu yote ya wiki ile hayaaminiki. Mkandarasi akaja juu, ujenzi ukasimama, na kuna waliosema mama huyu anatafuta sifa. Wataalamu walipokuja walikuta mtambo unazidisha majibu kwa sehemu moja ya tano. Nguzo sita zilikuwa dhaifu, zikabomolewa na kujengwa upya.

Alipoulizwa nani aliharibu mtambo, alijibu kwamba maabara ni yake. Akapewa barua ya onyo, na kupandishwa daraja kukakwama miaka sita.

Hapa mwandishi wa wasifu huu lazima aache kujificha nyuma ya neno "sisi". Mtambo niliuharibu mimi. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili mwenye haraka zangu. Wiki ileile, kabla michemraba ya bweni haijapimwa, alipokwenda kula mchana niliweka jiwe gumu la utafiti wangu, nikaukaza mtambo mpaka mshale ukavuka alama nyekundu na kitu kikalia ndani. Nikafuta vumbi, nikaondoka. Hata nguzo zilipokuwa zinabomolewa, nilinyamaza.

Yeye alijua. Chini ya sahani ya mtambo alikuta vipande vya jiwe jeusi, na idara nzima mwenye jiwe jeusi nilikuwa mimi peke yangu. Angetaja jina langu ningefukuzwa chuo. Hakuniuliza kitu, alinipa koleo tu, akaniambia nianze upya kujifunza kuchanganya zege, na kwa miezi mitatu nikasimama pembeni yake kila Jumatatu. Leo nafundisha somo hilohilo, na wanafunzi wangu wananiita mtu makini. Kila wakiniita hivyo naona aibu.

Mama, nakushukuru, na nakuomba radhi mbele ya wote wanaosoma jarida hili. Wiki iliyopita nilimpelekea mkuu wa kitivo maelezo yangu kwa maandishi, nikaomba barua ile ya onyo itolewe kwenye jalada lako iwekwe kwenye langu. Amekubali. Idara yote inakuombea afya, wajukuu wasiokuchosha sana, na maisha marefu yenye raha. Nenda salama, Mama. Jalada lako ni safi, na lilipaswa kuwa safi siku zote.