Mama Pulchérie na Mabeseni ya Ubwari

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka kumi na miwili ya kazi, Mama Pulchérie anastaafu kutoka kampuni yetu, Kiti Chako. Sisi wenzake wa biro ya Baraka tuna huzuni, ndiyo, lakini leo tumeipa likizo!

Alianza wakati kampuni ilikuwa meza moja bandarini na telefone mbili, yake na ya Élie, mwanzilishi wetu. Wazo lilikuwa kuuza nafasi za boti kwa mtandao. Mama aliacha duka lake la vitenge akaingia mzimamzima, na watoto wake wakasema amerogwa.

Safari ya kwanza ya rasi ya Ubwari, nafasi zote ziliuzwa. Tulishangilia weee! Kumbe tulisahau desturi: msafiri wa Ubwari hutanguliza beseni lake botini jioni ya kuamkia safari, na penye beseni pana mwenyewe. Asubuhi abiria wetu walikuta boti imejaa mabeseni ya wengine. Kapiteni Nzohabonayo hakutaka maneno mengi. "Mi natambua beseni," alisema. "Telefone mi sijue." Boti ikaondoka bila abiria wetu, na kampuni ikawa inakufa siku ileile ilipozaliwa.

Mama Pulchérie hakubishana. Aliwapeleka abiria wote hadi kwake, akawapikia fufu na ndagala, akawaomba walale. Nyumba ilijaa hadi kuku wakahama. Jioni hiyohiyo, boti iliporudi, aliazima mabeseni kwa majirani, akayapanga botini mwenyewe, moja kwa kila abiria. Kesho yake kapiteni aliyatambua mabeseni, na wote wakasafiri.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yetu: ukilipia kwa telefone, wakala wetu anakuwekea beseni, na ukiweka beseni lako, wakala anakuandika kwenye mtandao. Kuanzia Mboko hadi Kalemie mabeseni yetu ya rangi ya machungwa yanajulikana. Na mwaka huu, jamani, tunauza hata basi la Uvira, hoteli na ndege!

Juzi tulimuuliza siku ile alipata wapi moyo.

"Niliogopa sana," alisema. "Lakini bale bantu balituamini kabla ya batoto yangu mwenyewe."

Batoto hao wawili, Arlette na Bienfait, leo wanafanya kazi hapahapa, na ndio waliotuomba tuandike haya.

Asante, Mama. Pumzika vizuri, uishi miaka mingi yenye heri.