Nundu ya Shangazi Foronya

Wapendwa wenzangu wa hoteli, nawasalimu kwa jina la Mwenyezi Mungu. Hamjambo? Afya zenu, na vichwa vyenu? Sisi huku chumba cha dobi tu wazima, ila mshtuko haujatutoka.

Mkuu wetu, Shangazi Foronya, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Alianza kwa kufua kwa mikono, akapanda hadi kwenye pasi, kisha akakabidhiwa chumba kizima.

Lakini tutamkumbuka zaidi kwa vichwa vyetu. Mbele ya mashine ya kukaushia limepita bomba, usawa wa kipaji cha uso. Tunaliita Mkwe, maana usipomwinamia atakuadabisha. Zamani mtu akijigonga, tulichukua taulo lililotoka kwenye pasi, likifuka moshi, tukamkandamiza nalo. Si moto ndio tuliokuwa nao? Nundu ikazidi kufura. Shangazi aliporudi kutoka mafunzo ya huduma ya kwanza alikuja juu: "Jamani, hicho ni kichwa au kola ya shati?"

Tangu hapo ni barafu iliyofungwa kitambaani, inawekwa taratibu, bila kusugua. Unakaa chini, na siku hiyo huachwi peke yako. Ukitapika, kichwa kikizidi kuuma, ukisinzia kupita kawaida au ukianza kuchanganya mambo, ni hospitali, hakuna mjadala. Juu ya hayo aliongeza lake mwenyewe: ukunje foronya mbele yake. Mkono wa dobi, alisema, hukunja foronya hata ukiwa na usingizi. Ukishindwa, kuna jambo.

Jumatatu iliyopita alibeba rundo la mashuka lililomziba macho, na Mkwe akampata yeye. Tulicheka, Mungu atusamehe. Naye alicheka, akaweka barafu, akasema, "Huyu ananiaga." Baadaye kidogo mpiga pasi mwenzangu akamrushia foronya kwa utani: "Haya Shangazi, leo zamu yako!"

Akaikunja. Akaikunjua. Akaikunja tena, pembe ikabaki nje. Kisha akanitazama mimi, niliyefanya kazi ubavuni mwake ujana wangu wote, akaniuliza kwa upole, "Samahani mgeni, mdomo wa hii uko wapi?"

Kicheko kilikatika. Nilimwomba Mungu kwa sauti, bila haya, huku dereva wa hoteli akiwasha gari kumpeleka hospitali.

Daktari alisema ubongo ulikuwa umetikisika, na kwamba tulifanya vyema kutongoja. Alilazwa, akaangaliwa, na kwa rehema za Mungu sasa anapumzika kwa binti yake. Nami hadi leo mwili unanisisimka: kama si ule utani, tungemwacha apande basi peke yake, nasi tunampungia mkono! Mkwe ameshavishwa sponji nene. Fundi kasema atamhamisha kabisa.

Shangazi, asante kwa kazi yako, na kwa kila nundu uliyoituliza. Mungu akujalie siku za utulivu na usingizi mwororo, na watu wa kukuangalia kama ulivyotuangalia sisi.

Pamoja na nakala hii ya jarida la hoteli tumekuwekea foronya moja, haijakunjwa. Ikunje kwa mikono yako, umpe binti yako atuletee. Tafadhali tujibu upesi.