Saa Tatu Ipi?

Katika treni ya Jumapili asubuhi niliketi mkabala na mshonaji wa mapazia na mwalimu wa hesabu, watu waliofahamiana kwa muda wa vituo viwili tu. Mshonaji alikuwa akimsimulia habari za mwanawe, aliye ng'ambo kwa mwaka wa sita na ambaye hupata nafasi ya kupiga simu Jumapili pekee. Wiki iliyopita kijana aliandika kwamba angepiga saa tatu, kwa saa za nyumbani. Mama aliikodolea simu macho asubuhi nzima, akakata tamaa, akaiacha kwenye chaji na kwenda sokoni. Simu ililia saa tisa alasiri, yeye bado yuko sokoni.

“Tofauti ya saa za huko na huku kaipata sawasawa,” mwalimu alisema. “Ila kahesabu Kizungu. Wewe ongeza sita tu, mama, mambo yamekwisha.”

“Na siku akikumbuka kuhesabu kama sisi, niongeze sita nimkose tena?”

Mwalimu alikuna kidevu. Swali hilo halikuwamo kitabuni mwake. “Basi muulize, saa tatu ipi?”

“Mimi niliyemfundisha kusoma saa? Nikimuuliza hivyo, baba, nimekubali kwamba keshakuwa mgeni.”

“Ni swali tu, mama.”

“Kwako wewe.”

Treni ilipunguza mwendo. Mshonaji alisimama, akashika mkoba.

“Leo kasema saa nne. Nitaingoja saa nne, na nitaingoja saa kumi. Katika hizo mbili, mwanangu yumo.”

Treni ilisimama, akashuka wa kwanza.