Chumvi Kisimani kwa Mama Audrey

Nje ya duka la mashine za kufulia pale University Boulevard, Adelphi, kuna benchi lisilokaa tupu Jumamosi asubuhi. Gitau wa teksi wamembatiza Injini kwa kuwa hanyamazi. Elisante, dereva wa ubalozini, ndiye Balozi. Kimutai, anayehudumia wazee majumbani, wanamwita Mawe, maana alisomea miamba huko Oklahoma. Siku hiyo, mwaka 1998, Balozi alimimina kahawa na ubishi ukaanza: Harlin, ule mji mdogo wa mafuta alikofanya kazi Mawe, ulikufaje?

— Mafuta yalihama, bana! Injini alisema. Saa hii yako Texas.

— Yahame na miguu gani? Balozi akadakia. Wameyafunika makusudi, wanasubiri ya Waarabu yaishe.

— Basi huko chini kuna ziwa, Injini akajibu, na nyambizi zinalinda!

Wakacheka. Kimutai hakucheka.

— Palikuwa bahari, alisema. Vijidudu vyake vikafa, vikafukiwa na tope, joto likavipika miaka na miaka vikawa mafuta. Mafuta ni mepesi, yanapanda mpaka yagote mwamba uliojikunja kama bakuli lililofudikizwa. Mwaka 1913 wakalitoboa bakuli. Watu mia nne wakawa elfu sita, wakajenga hata ukumbi wa muziki. Wakafyonza miaka sabini. Nilipofika mimi, pampu zilitoa maji ya chumvi.

— Ya bahari ileile? Balozi aliuliza.

— Ileile.

Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema pale benchini. Alikuwa amepanga chumba kwa Mama Audrey, mjane mfugaji, aliyemfungia chakula cha mchana kila siku kama mwanawe. Mwaka 1986 bei ya mafuta ilipoporomoka, kampuni ndogo iliyomwajiri Kimutai ikawa inatapatapa. Akawaambia wakubwa wake kuna bakuli jingine chini ya malisho ya yule mama. Mama akakubali wachimbe, kwa sababu tu aliyesema ni Kimutai. Siku ya tisa ya kuchimba, Kimutai akaangalia mawe yaliyosagwa na keekee, ile mashine ya kutobolea ardhi: hayakuwa na dalili ya mafuta, ni chumvi tu.

— Ukawaambia waache? Balozi aliuliza.

— Niliogopa kuonekana sijui kazi. Nikasema, ongezeni kidogo.

Wakaongeza. Mafuta hayakutoka hata tone. Maji ya chumvi yakapanda na lile shimo, yakaingia kisimani kwa Mama Audrey, ng'ombe wakakataa kunywa. Kampuni ikafungwa. Kimutai akafunga mizigo Jumapili, mama akiwa kanisani.

— Kosa ni la kampuni, Mawe, Balozi alisema taratibu.

— Mawe niliyaona mimi.

Mlangoni mwa duka alikuwa amesimama Jeptoo, muuguzi aliyefika majuzi kutoka Kericho, anakunja mashuka.

— Na huyo mama, aliuliza, siku hizi anakunywa maji ya wapi?

Balozi aliinamia kikombe chake. Kimutai aliijua kwa moyo namba ya sanduku la barua la Mama Audrey, na kwa miaka kumi na miwili hakuwa amemwandikia hata mstari mmoja.

— Sijui, alisema. Hata kama yuko hai, dada, sijui.